Kibakuli cha baba

Baba yangu hana tumbo la chakula. Madaktari waliliondoa lote kwa sababu ya saratani, wakauunganisha utumbo mwembamba na umio. Kabla ya hapo alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka, dawa baada ya dawa, mpaka tulipompeleka Dodoma kwa kipimo cha kamera. Hapa Singida kila anikutaye msikitini huuliza, "Mzee amepona?" Hujibu, "Alhamdulillahi," na ni kweli. Lakini kupona huko kuna mambo ambayo swali hilo haliyafikii.

Tumbo ni ghala: hupokea chakula, kisha hukiachia kidogo kidogo. Asiye na ghala hiyo hula vijiko vichache mara sita au zaidi kwa siku, hutafuna hadi chakula kilainike, wala hanywi maji papo hapo. Husubiri kama nusu saa. Uji wa sukari nyingi, ambao majirani huuleta kwa mapenzi, hushuka utumboni kwa kasi. Mara moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, akalazimika kulala. Sindano ya vitamini B12 atachomwa maisha yake yote. Hayo tulielezwa, tukayazoea. Mama alijifunza kumpikia ugali laini na mlenda, na fundi akazipunguza kanzu zake.

Lililotushinda ni sinia. Baba, ambaye hakuwahi kula peke yake, alianza kujifungia chumbani na kibakuli chake, kwa kuwa kila aliyeketi naye alimhimiza, "Kula, mzee, urudishe mwili." Nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwekea mnofu wa kuku nikidhani natenda wema. Naye, kwa kunistahi, alikula, kisha akateseka usiku kucha.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, nilimkuta ameegemea ukuta penye mabirika ya udhu, midomo imekauka. Alikuwa amefunga kwa siri. Miezi michache nyuma nilikuwa nimesomesha darsa juu ya ruhusa ya mgonjwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na inayofuata, watu wakaandika katika madaftari yao. Nyumbani kwangu sikuwa nimeitaja.

"Baba, unayo ruhusa."

"Najua, mwanangu. Nimefunga tangu utotoni. Nikila mchana, nitakuwa nani?"

Chuoni nilifundishwa hukumu za fidia, lakini sikufundishwa jibu la swali hilo. Niliketi naye chini, nikanyamaza. Jioni tulimwendea imamu, tukiwa na maneno ya daktari kwamba tumbo halioti tena. Imamu akamwambia kwamba siku za kulipa hazipo kwake. Ni kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Baba alipima mtama mwenyewe, kibaba baada ya kibaba, wala hakukubali nimsaidie. Nikaandika katika daftari la kamati bila jina, kama alivyotaka.

Ramadhani iliyofuata alikuja kwenye futari ya msikitini na kibakuli chake: yai la kuchemsha na viazi vilivyopondwa. Akaketi ukingoni mwa sinia letu. Kijana mmoja akanyoosha mkono kumwongezea wali. Nikaushika mkono ule, nikaurudisha taratibu kwenye sinia, naye baba akaendelea kutafuna.