Kutafuta pa Kuzeekea Soitsambu

Mtumishi wa umma Tanzania akitimiza miaka 60 hustaafu, atake asitake, na tangu siku hiyo kila anayekutana naye ni mshauri. Nunua bajaji. Fuga kuku. Usimwambie mtu umepata shilingi ngapi. Shida yangu mimi washauri hawakuigusa. Ilikuwa magoti. Nimezaliwa Tanga na kufundisha mkoa huohuo umri wangu wote, na ule unyevu wa bahari ambao pua yangu inaupenda, magoti yameukataa. Mwalimu mwenzangu wa zamani, Mmasai wa Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro, niliyefundisha naye Handeni kabla hajahamishiwa kwao, alikuwa akinipigia simu kila sikukuu na neno lake ni lilelile: njoo uzeekee huku, hewa ni kavu, wazee wanatembea.

Siku hizohizo mpwa wangu aliyeko Marekani akanirushia picha za Sun City, mji wa wastaafu uliojengwa kwenye jangwa la Arizona na kufunguliwa Januari 1960. Viwanja vya gofu vya kijani mahali pasipo mvua, nyumba zilizopangwa safu kwa safu, na masharti juu yake: kila nyumba iwe na angalau mkazi mmoja wa miaka 55 na kuendelea, watoto waje kusalimia tu. Mama watoto alizitazama zile picha muda mrefu. "Sasa mtu akianguka chooni usiku," akauliza, "anamwita nani?" Tukakubaliana mambo mawili: jangwa letu tutalitafuta karibu zaidi, na hatutauza hata bati moja la nyumba ya Tanga kabla hatujakwenda kujionea.

Basi la Loliondo huondoka Arusha alfajiri. Hadi Mto wa Mbu safari ni ya raha, lami chini na migomba pembeni, wachuuzi wakikimbilia madirishani na ndizi zao nyekundu. Pale njia zinagawanyika. Wanaokwenda Karatu na kreta ya Ngorongoro hunyoosha na kupanda mlima. Sisi tulikata kulia, kaskazini, lami ikaisha, na vumbi likaingia ndani ya basi likitokea madirishani, sakafuni na sijui wapi kwingine. Abiria wazoefu wakajifunika shuka hadi utosini. Mama watoto akavuta ushungi wake puani, akanitazama mimi na shati langu jeupe, akacheka mpaka Selela.

Tulipita Engaruka, ambako watu wa kale walijenga mashamba ya ngazi kwa mawe na kuyamwagilia kwa mifereji, kuanzia karne ya 15, kisha katika karne ya 18 wakaondoka. Maji yalipungua, wanasema wengi. Nilimwona mama watoto akiyatazama mawe yale. Hakusema kitu, lakini najua alichokuwa akihesabu.

Baada ya hapo ndipo nilipoliona jangwa nililokuwa nikilitafuta, nikashtuka kwamba ninalitafuta. Hakuna mti wa kupumzikia. Kuna migunga mifupi, mawe meusi, na katikati ya tambarare umesimama peke yake Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, umechongoka kama kawa iliyofunika sinia. Weupe wa kileleni si theluji. Volkano hii hutoa lava isiyo na mfano duniani, hutoka nyeusi na nyepesi, kisha ikipigwa na hewa hugeuka nyeupe. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa wa 2007 na 2008, na kijana aliyekaa kando yangu alikumbuka majivu yalivyofunika malisho yao. Aliusimulia kwa sauti ileile ambayo sisi husimulia mafuriko ya Pangani.

Kando ya mlima kuna Ziwa Natron. Kwa mbali ni waridi, kwa sababu ya heroe wanaokuja kutaga mayai kwenye magadi yale ambako fisi hawezi kukanyaga. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huanguliwa hapa. Tuliposhuka kunyoosha miguu, joto lilipanda kutoka ardhini likapita kwenye soli za viatu. Magoti yangu hayakuuma hata kidogo. Nikamwambia mama watoto. Akasema katika joto lile hata yeye haoni kama ana magoti.

Halafu gari likaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, ziwa likibaki chini kama si la dunia yetu, na hewa ikabadilika. Huu ndio mshangao wangu mkubwa wa safari nzima. Nilidhani nakwenda jangwani, kumbe jangwa ni kizingiti tu cha kuvukia. Juu ni baridi. Katika nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, mashamba ni ya kijani na maji yanakwenda mferejini. Samunge ni huku. Mwaka 2011 Watanzania, Wakenya na wengine wengi walipanga foleni ya magari kilomita na kilomita kusubiri kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Babu alifariki 2021. Ndani ya basi nusu ya watu wazima walikuwa wamekunywa kikombe, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya kuponywa au kutoponywa. Mzee mmoja alisema faida aliyoiona kwa macho yake ni kwamba baada ya Babu viongozi waliijua barabara ya Loliondo. Kweli, kuanzia njia panda ya Sale hadi Wasso tulipita kwenye lami, kilomita 49, kimya kitupu, abiria wakikung'uta vumbi na kurudia sura zao.

Soitsambu yenyewe ni kijiji cha nyanda za juu, na Kenya iko karibu kiasi kwamba mwenye duka alinitajia bei ya sukari kwa shilingi za Kenya kabla hajaniangalia vizuri. Nyumba za bati zimesimama karibu na barabara, shule, maduka ya mchele na betri. Ukitoka kidogo unakuta maboma yenye uzio wa miiba. Mwenyeji wetu alitupokea kwa chai ya maziwa matupu na mablanketi. Usiku ule nilivaa kila nilichokuja nacho. Kulikuwa na fisi, tena karibu, na mwenyeji wetu alipoona nimekaa kitandani akaniambia fisi anayelia hana neno.

Asubuhi watoto walinijia wameinamisha vichwa, wakasimama. Mwenyeji wangu alikuwa amenifundisha usiku: weka kiganja utosini, basi, wameamkia. Tanga mtoto hukupa shikamoo akipita mbio. Hawa hawaondoki mpaka uwaguse, na walikuwa wengi, na jioni mkono wangu ulikuwa na vumbi la vichwa vya nusu ya kijiji. Nikaikumbuka Sun City na sharti lake la watoto.

Wazee wenyewe niliwakuta chini ya mti. Swali lao la kwanza halikuwa kabila wala kazi, bali rika: nilitahiriwa lini na kundi gani? Nikaeleza kwamba pwani jando huja mtu akiwa mdogo. Wakalijadili jambo hilo kwa uzito, wakahesabu kwa vidole miaka ya Seuri, ya Makaa, ya Landisi, na mwisho nikaamuliwa kuwa Makaa. Nilidhani ni utani wa kumfurahisha mgeni. Haukuwa. Kuanzia dakika ile kila mtu alijua mimi ni nani. Vijana walijua wanipishe kigoda, wenzangu wa rika walijua wanitanie kiasi gani, na shauri la ng'ombe waliopotea lilipoanza nilitakiwa niseme maoni yangu, mimi ambaye sijui ng'ombe mgonjwa anakohoaje. Tangu nilipokabidhi funguo za ofisi hakuna aliyewahi kuniuliza nionavyo.

Kisha wakauliza kuhusu pensheni. Serikali inanipa ng'ombe wangapi? Nikaeleza mkupuo na kikokotoo: kwamba walimu wa zamani walipata asilimia 50 ya mafao kwa mara moja, mwaka 2022 ikashuka hadi 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40, ambayo ndiyo niliyoikuta. Tukapiga hesabu ya malipo ya mwezi kwa bei ya mnadani, ikatoka si ng'ombe bali mbuzi, tena si wengi. Nikaona aibu kidogo. Mzee mmoja akanituliza. Ukame wa 2009 ulimmalizia zizi, akaanza upya, na kiangazi cha 2021 kuingia 2022 kikachukua tena. "Sisi tunakatwa na ukame, ninyi mnakatwa na kikokotoo," akasema. "Lakini mbuzi wako wa kila mwezi hafi. Huyo ni mnyama mzuri."

Nilipouliza kiwanja, maneno yakapungua. Ardhi ya kijiji, kwa sheria ya 1999, iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Mgeni huomba, hanunui kwa dalali. Hilo nalijua, nimelifundisha darasani. Ila hapa lina uzito mwingine. Juni 2022 serikali iliweka vigingi na kutenga kilomita za mraba 1,500 kati ya 4,000 za lililokuwa Pori Tengefu la Loliondo, na baadaye eneo hilo likatangazwa Pori la Akiba la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, wengine walivukia Kenya, kesi zikaenda mahakamani. Vijiji vya huku ni miongoni mwa vilivyoguswa. Wazee hawakunikatalia. Waliniambia nikiomba watanijadili. Lakini nilijiona nikisimika uzio wangu wa mstaafu, ekari moja ya mipapai, kwenye malisho ambayo wenyewe wanayahesabu kwa hatua, na sikupenda nilichokiona.

Mama watoto siku zote hizo hakuwa nami. Alikuwa kwa wanawake. Alikwenda nao majini na punda, akarudi nao na kuni, akakaa nao wakitunga shanga, akanywa loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, na kuisifu. Aliingia kwenye nyumba ya mama wa mwenyeji wetu, nyumba ya fito na samadi ambayo bibi huyo aliijenga kwa mikono yake na bado huiziba mwenyewe mvua zikivuja. Bibi ana miaka zaidi ya 70. Kiswahili chake ni kidogo, mjukuu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa mkalimani. Siku tulipokwenda Wasso kupima presha katika hospitali ya misheni, tukiwa benchini, mama watoto akaniambia taratibu:

"Mwalimu, hapa wanaume wamestaafu. Bibi aliyestaafu sijamwona."

Nikataka kubisha, nikakosa pa kuanzia. Mti niliokaa chini yake ulikuwa wa wazee wa kiume. Chai niliyokunywa ilichemshwa kwa kuni za mtu na maji ya mtu. Akaendelea kusema kwamba bibi alimweleza, kupitia mjukuu: mwanamke hupumzika akipata wakamwana wazuri, na wakamwana wake wawili wamefuata waume mjini. "Wetu mmoja yuko Dodoma," akasema mama watoto, "na wa pili hata hajaposwa. Nani atanichotea maji?" Nikasema tungejenga tangi, tungevuta bomba, tungeweka mtu wa kusaidia. Akasema hayo yote yako Tanga tayari.

Kwa haki niseme: Soitsambu iliyatuliza magoti yangu kuliko dawa zote nilizowahi kupewa, presha yangu ilisomeka vizuri, na sijawahi kuheshimiwa namna ile mahali pasiponijua. Kama ningekuwa peke yangu ningeomba ile ekari, aibu nikaimeza.

Hatuhamii. Tutakuwa tunakwenda kama wageni wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu, na mwenyeji wetu ameahidi kuja Tanga kula samaki ambao bado anawaita nyoka wa majini. Wewe mstaafu mwenzangu unayepigiwa hesabu za kuhamia nchi kavu, nenda ukaone kwanza, lakini usiende peke yako. Nenda na mkeo, yeye alale kwa wanawake wa huko, na jibu lake ulisikilize kabla hujagusa mkupuo.