Video ya Chopa Niliyofaa Kuifuta Mapema

Wengi mmekuwa mkiniuliza ile video ya chopa ilienda wapi. Chopa ya magurudumu mawili, si ile ambayo wanasiasa hushuka nayo kwa uwanja wa shule. Niliifuta mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa imetazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka, na ilikuwa na uongo ndani. Si uongo wa maneno, kwa sababu kila nilichosema nilikuwa nimekifanya kweli. Uongo ni kile nilichokuja kujua baadaye, nikanyamaza.

Nianze mwanzo. Nilinunua nduthi ya 150 cc kutoka kwa jamaa wa boda aliyekuwa anabadilisha kazi. Ilikuwa imechoka lakini fremu ilikuwa nzima. Nilitaka kitu kimoja tu: mbele ndefu. Mnajua ile picha ya Easy Rider, filamu ya Marekani ya 1969, Peter Fonda amekaa nyuma kabisa na gurudumu la mbele liko huko mbali kama linatafuta njia peke yake. Picha hiyo nilikuwa nayo kwa simu tangu nikiwa fomu tatu.

Nikaenda kwa fundi mmoja Kariobangi, mzee wa leithi na kuchomelea. Tulikata shingo ya fremu, yaani ile sehemu ya mbele ambamo usukani unazungukia, tukailaza nyuma zaidi. Pembe yake ilikuwa nyuzi 27 kutoka wima. Tukaifikisha 42. Miguu ya foku tukairefusha kwa sentimita 20. Ikasimama hapo nje kwa jua, na watu wa karakana za jirani wakatoka kuja kuiangalia. Ilikuwa noma, siwezi kukataa.

Kuiendesha sasa. Barabara ikinyooka, ilienda kama treni. Lakini polepole, kwa foleni au kwa kona ya mtaa, usukani ulikuwa unaanguka upande kama mtu amezimia, na kuurudisha ni kazi ya mabega. Fundi aliijaribu mara moja akarudi akicheka. “Kijana yangu, hii ni ya kuenda Mombasa. Si ya kukata kona Umoja.”

Nikaingia kwa intaneti kutafuta dawa, nikaipata. Foku inashikwa na vishikilio viwili, cha juu na cha chini. Vikitengenezwa vikiwa vimeinama, miguu ya foku inalala mbele zaidi ya shingo yenyewe, na usukani unakuwa mwepesi. Nikamwambia fundi anitengenezee vya nyuzi 8. Akaniuliza, “Kwa nini nane?” Nikamwambia ndivyo nilivyoona. Hakupenda jibu hilo, lakini pesa ni yangu, akatengeneza. Usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Nikarekodi video nikaiita “Dawa ya usukani mzito.” Mkaipenda. Ikaenda mahali hakuna video yangu ilikuwa imefika.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Eastern Bypass, kama kilomita 70 kwa saa, nikapita pahali lami imeunganishwa vibaya. Kakofi kadogo tu. Usukani ukaanza kutikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, kila mara zaidi, hadi mikono yangu ikawa inatupwa kama kitambaa. Lori lilikuwa nyuma yangu. Sikushika breki. Niliachilia mafuta polepole nikashika usukani bila kuukaba, na mahali fulani chini ya 50 ikatulia. Nikatoka barabarani nikakaa kando ya mama mmoja anayechoma mahindi. Aliniangalia akaninunulia maji. Yeye ndiye aliyeninunulia mimi, hebu fikiria vile nilikuwa nakaa.

Hapo ndipo ningefuta ile video. Sikufuta. Wiki hiyo muuzaji mmoja wa vipuri alikuwa amenitafuta tuongee biashara, na video aliyoiona ni hiyo. Nikajiambia ni beringi tu. Nikajiambia nitaeleza kwa video ingine. Mimi huyu niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa deni la karo, pesa ya kwanza ya maana inakuja kwa kazi yangu mwenyewe, eti niizime? Nikanyamaza.

Kisha ikaja meseji kutoka Nakuru. Picha ya mkono uliofungwa plasta, na maneno: “Brathe, niliweka vishikilio vya nyuzi 8 vile ulisema. Iliniangusha siku ya kwanza.” Hakuwa amekata shingo wala kurefusha foku, kwa sababu hiyo ni gharama. Aliweka vishikilio peke yake kwa nduthi ya kawaida. Na mimi kwa video sikuwahi kusema ni lazima vyote viende pamoja. Sikusema kwa sababu sikujua.

Usiku huo ndio nilitoa daftari yangu ya chuo chini ya kitanda. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, na zile saini na kosaini nilizikariri nikazipita bila kujua zinaishi wapi. Zinaishi kwa shingo ya nduthi.

Angalia gurudumu la troli ya supamaketi. Haligusi sakafu chini ya ule msumari linalozungukia. Linagusa nyuma yake, kwa hivyo ukisukuma, linajinyoosha lenyewe. Nduthi ni vivyo hivyo. Chora mstari unaopita katikati ya shingo hadi chini. Kisha angalia tairi linagusa wapi. Tairi linafaa kugusa nyuma ya mstari huo, na umbali kati ya hizo pointi mbili mimi nauita mkia. Mkia ndio unaonyoosha usukani ukipigwa na shimo. Ukiwa mrefu sana, usukani unakuwa mzito na unaanguka ukienda polepole. Ukiwa mfupi sana, usukani ni mtamu kwa mkono lakini hauna kitu cha kuurudisha.

Hesabu ni hii. Nusu kipenyo cha gurudumu zidisha kwa saini ya pembe ya shingo. Toa umbali ambao ekseli iko mbele ya mstari wa shingo. Gawanya kwa kosaini ya pembe hiyo. Yangu, kutoka katikati ya gurudumu hadi chini ni milimita 290, na ekseli ilikuwa milimita 45 mbele ya mstari. Kwa nyuzi 27 za kiwandani mkia ulikuwa karibu milimita 97. Kwa nyuzi 42 ukaruka hadi 200, na ndio maana mabega yaliniuma. Vile vishikilio vya nyuzi 8 vikasukuma ekseli mbele sentimita 10 zingine, mkia ukashuka hadi kama 66. Nilitoka shimo moja nikaingia lingine, na katikati nikapiga video.

Halafu nikafanya hesabu ya yule kijana. Shingo ya kawaida, foku ya kawaida, vishikilio vya nyuzi 8. Nilirudia mara tatu. Milimita 9. Upana wa kucha. Huyo mtu aliondoka kwao na nduthi ambayo haikuwa na mkia, kwa sababu mimi nilisema ni dawa.

Nilirudi kwa fundi na karatasi. Akaisoma yote, akaniambia, “Sasa umenijibu kwa nini.” Tulitengeneza vishikilio vya nyuzi 4, mkia ukakaa karibu 133. Inakata kona, na kwa barabara kuu imetulia. Tulitoa pia ule urefu tuliounganisha kwa foku, kwa sababu kiungo kilikuwa chini ya kishikilio cha chini, na hapo karibu na kishikilio ndipo foku inakunjwa kwa nguvu zaidi ya mahali pengine pote. Sasa ni bomba nzima. Na beringi za shingo zilikuwa zimekwisha kweli, tukaweka mpya. Ukiinua gurudumu la mbele, usukani usiwe na mchezo hata kidogo, lakini uanguke pande zote mbili wenyewe bila kukwama. Ukilegea unatikisika. Ukikazwa sana nduthi inayumba kama mlevi.

Kupima hakuhitaji digrii. Simamisha nduthi wima kabisa, mtu akiwa ameikalia. Vuta uzi ukifuata mstari wa katikati ya shingo hadi sakafuni, weka alama. Teremsha timazi kutoka katikati ya ekseli, weka alama. Pima kati ya alama. Ya uzi lazima iwe mbele ya ya timazi. Ikiwa ziko pamoja, au ya timazi iko mbele, usiwashe hiyo nduthi. Na usichukue namba yangu ya 133 uende nayo. Ni ya nduthi yangu. Pima yako kabla hujakata chochote, ndio ujue unatoka wapi.

Kuna kitu kingine kuhusu ile picha ya Easy Rider. Zile chopa zilitengenezwa na Wamarekani weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy. Miaka mingi ilipita watu wakiijua ile mbele ndefu na Peter Fonda, bila kuwajua wao. Mimi nilikaa na picha hiyo kwa simu miaka yote bila hata kuuliza nani aliipimia ile pembe. Picha inakuonyesha urefu. Haikuonyeshi mkono uliofanya urefu huo usimuue mtu. Video yangu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba nyuma yake hakukuwa na mkono wowote uliopima.

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu hadi Nakuru na uzi, timazi na vishikilio vyake vya zamani ambavyo fundi alinisaidia kupata vingine kama hivyo. Tulirudisha nduthi yake kama ilivyotoka kiwandani, yeye akishika tochi kwa mkono mzima. Tukapima. Milimita 95. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote bila kusema kitu. Tulipomaliza akaniuliza, “Ni wewe yule wa kwa simu?”

Nikasema, “Ni mimi, mama.”

Akaniangalia kidogo. “Haya, nawa mikono. Chai iko tayari.”

Video mpya ya kupima iko juu tayari. Ni dakika kumi na moja za uzi na sakafu, na hakuna anayeitazama. Itazame kabla hujamlipa mtu kukukatia shingo.