Kasese na Bwera: Nchi Iliyo Kati ya Theluji na Chumvi

Askari anayehamishiwa Kasese pamoja na jamaa yake huenda akafungasha mablanketi mengi kwa kuuhofia mlima. Akifika hukutana na jua kali. Mji uko chini ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita elfu moja hivi, ilhali upande wake wa magharibi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kingali na theluji, ingawa inapungua mwaka hata mwaka.

Rwenzori si volkano kama Elgon. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu wakati ardhi ya kando yake ilipodidimia. Volkano za nchi hii zilikuwa kusini, kwenye uwanda wa Katwe, nazo zililipuka zikaacha mashimo mengi. Mojawapo ni Ziwa Katwe, ambalo halina mto utokao. Jua hukausha maji na chumvi hubaki. Hata leo wanaume kwa wanawake huingia katika maji hayo makali kuivuna kwa mikono. Chumvi hiyo, ndugu msomaji, ndiyo iliyoleta vita. Bunyoro na Toro ziliigombea, na mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapo akaiita Fort George. Aliyeishika Katwe alikuwa ameshika chungu cha kila nyumba, hata ng'ambo ya mpaka wa leo.

Mgeni aionapo mbuga yenye tembo na nyati hudhani haijapata kukaliwa na watu. Sivyo. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilimaliza mifugo. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa kando ya maziwa. Vichaka vikafunga, wanyama wakazidi. Mwaka 1952 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Vijiji vya wavuvi, kama Katwe na Hamukungu, vilibaki humo ndani, na huko mama hamtumi mtoto ziwani bila kuwafikiria viboko.

Mji wa Kasese wenyewe ni mtoto wa reli na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na wafanyakazi wakaja kutoka pande nyingi, kila mmoja na lugha yake. Wakonzo, watu wa mlimani, nao wakazidi kushuka kulima pamba uwandani. Mwaka 1962 wengi wao waliukataa utawala wa Toro, ukazuka uasi wa Rwenzururu, ambao silaha zake ziliwekwa chini mwaka 1982. Miaka hiyohiyo mgodi ulisimama. Mji haukufa, soko lilikwisha kuota mizizi.

Taabu iliyobaki ni ya ardhi. Tangu mwaka 1991 sehemu za juu za mlima nazo ni hifadhi ya taifa. Mkulima amebanwa kati ya hifadhi mbili; hulima kwenye miteremko ambayo mbuzi huipanda kwa shida. Mvua kubwa inaponyesha, mito hushuka na mawe. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulivamia Kilembe, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali. Kuwaambia watu wahame ni rahisi. Kuwaonyesha mahali pa kuhamia ndiyo kazi.

Kwenda Bwera, msafiri hushika barabara ya kusini hadi Kikorongo, karibu na Ikweta, kisha hugeuka magharibi. Baada ya Bwera ni Mpondwe, na Mto Lubiriha ndio mpaka wa Kongo. Ng'ambo wako Wanande, ambao ni ndugu wa Wakonzo kwa damu na kwa lugha. Arusi na msiba huvuka mto pamoja na maharagwe na vitenge. Mwezi Juni 2019 Ebola nayo ilivuka ndani ya familia moja iliyotoka kwenye mazishi, na wagonjwa wakatibiwa Bwera. Mwezi Juni 2023 wauaji wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha usiku, wakaua wanafunzi mabwenini. Polisi anayesimama pale kivukoni humkagua mama mwenye furushi la samaki wakavu, naye anakwenda tu kumtazama dada yake.