Kuugeuza Mkondo

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Hawakumtaja mwenye jembe, awezaye kuugeuza mkondo bila kupunguza tone moja.

Nimelitafakari hilo tangu mjukuu wangu aliponieleza kazi yake ya kutunza kurasa za zamani za Cocoon. Ukurasa wa namna hiyo huandikwa kwa XML, lugha iliyoidhinishwa mwaka 1998, na ndani yake huchanganywa maagizo ya Java. Seva huugeuza kwanza kuwa programu kamili ya Java, na programu hiyo ndiyo inayofanya kazi. Nayo haitoi waraka mzima kwa pamoja. Hutangaza tukio baada ya tukio: elementi imefunguliwa, maandishi ni haya, elementi imefungwa. Utaratibu huo huitwa SAX, nao ulitoka mwaka huohuo.

Ndugu msomaji, hiyo si imla? Mwalimu husoma, mwanafunzi huandika, na sentensi ikipita imepita. Kwa hiyo hata waraka mrefu hauhitaji kumbukumbu kubwa. Lakini asiyekuwapo hapati kitu.

Itakuwaje basi sehemu moja ikitakiwa kuwekwa kando, ikaguliwe kwanza? Msemaji habadilishwi, hubadilishwa msikilizaji. Programu humwondoa yule wa kawaida na kumkalisha mwingine, anayejenga mti wa waraka katika kumbukumbu. Sehemu ikiisha, wa kwanza hurudishwa. Masharti ni mawili: kila kilichofunguliwa mbele ya msikilizaji kifungwe mbele ya yuleyule, na wa kwanza arudishwe hata ikitokea hitilafu katikati. Asiporudishwa, ukurasa hukatika, na msemaji hajui. Anaendelea kusema tu.

Chuo cha ualimu humfunza mtu kusema: sauti, ubao, maandalio ya somo. Uzee hufunza kutazama ni nani anayesikiliza. Wanachuo wangu wametawanyika. Walioketi mbele yangu sasa ni wajukuu. Ninayoyasema ni yaleyale: uaminifu, subira, kazi. Mkondo umegeuka tu. Lakini sharti la kwanza linanikaba. Hadithi niliyoianza mbele ya watoto hawa, na ahadi niliyowapa, hakuna mwingine atakayezifunga kwa niaba yangu. Basi kila jioni najitahidi kufunga nilichokifungua, kwa kuwa mtu wa umri wangu hahesabu sana vikao vijavyo.