Kutoka Misunkumilo hadi Nabugoye: Mfungo wa Tisha B'Av

Tisha B'Av, siku ya tisa ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi, ni siku ya kufunga na kuomboleza Hekalu la Yerusalemu. La kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK, la pili na Warumi mwaka 70 BK. Siku hiyo huangukia Julai au Agosti.

Ili kuushuhudia mfungo huo nilitoka Misunkumilo, Mpanda, kwa treni hadi Tabora na Mwanza, kisha kwa mabasi kupitia Bukoba, Mutukula na Kampala hadi Mbale, mashariki mwa Uganda. Nje kidogo ya mji huo, kilima cha Nabugoye ndicho kitovu cha Abayudaya, walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alipotahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919. Rais Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Waliobaki walisali kwa siri hadi alipong'olewa mwaka 1979.

Mfungo huanza jua linapozama na kudumu takriban saa 25, bila chakula wala maji. Kuoga, kujipaka mafuta, tendo la ndoa na viatu vya ngozi ni mwiko; miguuni mwa waumini niliona kandambili na raba za turubai. Watu hawaamkiani. Kwangu, niliyelelewa Mpanda ambako kumpita mzee bila shikamoo ni utovu wa adabu, hilo lilikuwa zito kuliko njaa. Usiku husomwa kitabu cha Maombolezo, taa zimepunguzwa, watu wameketi chini. Viti husubiri hadi adhuhuri.

Afrika Mashariki iliwahi kuguswa na maombolezo hayo kwa njia nyingine. Agosti 1903, huko Basel, Mkutano wa Sita wa Wazayuni, waliotafuta nchi ya Wayahudi, uliamua kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ikague ardhi ambayo Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi huku kwetu. Baadaye tume hiyo ilielekezwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wajumbe wa Urusi walitoka ukumbini, wengine wakaketi sakafuni wakilia kama siku ya Tisha B'Av, wakiona Yerusalemu imeachwa. Ardhi hiyo ilikataliwa mwaka 1905. Inagusa moyo kwamba miaka 14 tu baadaye, ng'ambo ya Mlima Elgon, Waafrika waliichagua Yerusalemu hiyohiyo kwa hiari yao.

Alasiri huvaliwa tefilini, visanduku vya ngozi vyenye maandiko vifungwavyo mkononi na kichwani, zilizoachwa asubuhi. Nyota zikitokea, mfungo umekwisha, ila nyama na divai hungoja hadi adhuhuri ya kesho yake, kwa kuwa Hekalu liliendelea kuungua siku ya kumi.