Karatasi Katika Mfuko wa Hujaji

Aghalabu wahakiki huichukulia safari kuwa sitiari. Yule muuza mitumba wa soko la Kibuye angewashangaa. Mwezi wa Mei aliondoka na mahujaji wenzake katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kisumu, kuelekea Namugongo kwa miguu, yapata kilomita 300. Mfukoni alikuwa na karatasi ya hospitali isiyotiwa sahihi: idhini ya kuondolewa titi la kushoto. Daktari alikuwa amemwonya kwamba uvimbe haungojei Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni.

Hadi Busia alisali. Kutoka Bugiri hakusali tena. Malengelenge yalimtawala, akili ikashuka nyayoni. Yamkini hapo ndipo hija inapotofautiana na tafakuri ya vitabuni: mwili uliokuwa umegeuzwa swali ulirudi kuwa mwili tu, ukidai maji na kivuli.

Walipokwisha kuvuka Nile pale Jinja, alimwuliza mkongwe aliyeandamana naye: "Mama, Karoli Lwanga na wenzake walipopelekwa Namugongo mwaka 1886, si walikuwa wamekwisha kutoa jibu lao?"

"Walikwisha, mwanangu. Kisha wakawekwa kama juma zima, kuni zikikusanywa."

Hakungoja madhabahu. Usiku ule walipolala Lugazi, aliazima kalamu kwa katekista. Sahihi ilipinda, kwa kuwa karatasi ilikuwa imelowa jasho. Asubuhi alipanda basi la kurudi Kisumu. Wenzake wakaendelea, wamemchukulia mshumaa wake.