Kadi ikikuomba uifomati, usikubali

Najua wengi wenu mnapenda kupiga picha kama mimi, kwa hivyo leo nazungumzia jambo ambalo huwapata wengi: kadi ya kumbukumbu kugoma kufunguka.

Majuzi shangazi aliniletea kadi ya SD ya GB 4 kutoka kwenye kamera yake ndogo ya dijitali. Kila ukiichomeka kwenye tarakilishi, ujumbe ni uleule: lazima ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Fundi mmoja mjini alikuwa ameshamwambia hamna kitu humo, anunue nyingine. Kadi mpya si ghali, lakini hii ilikuwa na picha za Krismasi ya mwisho ya babu, na siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa na kamera. "Mwanangu, hata ikitoka moja tu nitashukuru," aliniambia.

Tuelewe kwanza tatizo lenyewe. Kadi ni kama kitabu. Mwanzoni kuna yaliyomo, yaani orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Orodha hiyo ikiharibika, tarakilishi hudhani kitabu kizima ni kitupu, ilhali kurasa bado zimo. Hata ukifomati haraka haraka, mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu. Hatari kubwa ni kupiga picha mpya, maana zitaandikwa juu ya zile za zamani.

Basi nilifanya hivi. Nilisukuma kile kitufe kidogo cha pembeni mwa kadi ili isiweze kuandikwa. Kisha kwenye Linux nikatumia ddrescue kuinakili kadi nzima hadi kwenye diski:

ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map

(Hakikisha jina la kifaa kwanza, kwako huenda si sdb.) Uzuri wa ddrescue ni kwamba huanza kusoma sehemu nzima, halafu ndipo hurudia zile mbovu. Ukishapata nakala, kadi yenyewe iweke kando na ufanyie kazi nakala hiyo.

Hapo nikafungua PhotoRec, programu huria ya Christophe Grenier. Ni ya bure, na inapatikana kwa Windows, Mac na Linux katika cgsecurity.org. Haina haja na ile orodha iliyoharibika. Hupitia kadi ikitafuta alama za mwanzo wa faili: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Udhaifu wake ni kwamba majina ya faili hupotea, na picha iliyohifadhiwa vipande vipande huenda ikatoka nusu.

Niliiacha ikifanya kazi nikaenda kula. Niliporudi nilikuta mamia ya picha zenye majina ya ajabu ajabu. ExifTool ya Phil Harvey (exiftool.org) ilizipanga kwa tarehe, kwa sababu kamera huandika saa na siku ndani ya kila picha. Picha za Krismasi zilikuwa 23. Nne zilikuwa na kijivu kuanzia katikati kwenda chini, na katika moja babu amebaki kofia na macho tu. Lakini zile 19 zilikuwa nzima. Shangazi aliziangalia zote kimya kimya, kisha akaomba ile ya nusu pia ichapishwe.

Sasa, mtu atasema, si uweke kila kitu mtandaoni yaishe? Mtandao unasaidia sana, lakini si sanduku la milele. Yahoo! Photos ilifungwa mwaka wa 2007. Picasa ilisimamishwa 2016. Flickr ilipunguza akaunti za bure hadi picha 1,000 mnamo 2019, na Google Photos ikaacha kuhifadhi bila kikomo bila malipo Juni 2021. WhatsApp nayo, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huibana na kufuta zile tarehe za ndani. Ukitaka ifike jinsi ilivyo, itume kama hati.

Mimi hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali na nyumbani. Kwangu ni tarakilishi, diski ya nje, na nakala moja mtandaoni. Na zile ninazozipenda zaidi huzichapisha, kwa sababu picha ya ukutani haihitaji nywila wala umeme.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujatoka na kamera, nakili kwanza zilizomo. Na kadi ikikuomba uifomati, ichomoe, iweke mahali pakavu, uanze na nakala. Kila la heri!